Gari la Baba Lilifika

Bujonde, Kyela
14 Aprili

Kwa kaka yangu Amon,

Mugonile kaka. Habari za Tunduma, shemeji na watoto hawajambo? Huku mvua haijatuacha, mpunga unapendeza, na mimi mdogo wako bado ndiye mwenye viatu vizuri kuliko wanaume wote wa Bujonde.

Mke wangu Tumaini ametolewa nyuzi. Anatembea hadi migombani na kurudi. Mtoto tulimzika, ulikuwepo.

Muuguzi Dorothea wa zahanati alituonya mapema. Alisema mke wangu ana kovu la upasuaji wa kwanza, tena ni mfupi na mtoto ni mkubwa, hivyo atangulie mjini akae karibu na hospitali. Nikamjibu mimi nimefika Lusaka, sifundishwi kuhesabu wiki. Akasema hata Lusaka hajazaa mwanaume.

Uchungu ukamkuta nyumbani, saa nne asubuhi. Dorothea akasema kovu linaweza kuachia, usafiri upatikane sasa hivi. Bajaji zilikwama ng'ambo ya maji, tukasubiri mpaka saa nane moja ilipovuka. Hospitali walimpasua upesi. Yeye wakamwokoa, mtoto hakulia.

Msibani niliwaambia wote kwamba Baba ana pikapu yake ya kokoa na hakuja. Ukaondoka bila kumuaga, na mpaka leo simu zake hupokei.

Kaka, Baba alikuja. Saa nne na nusu alikuwa uani, magunia ameshusha, nyuma katandika godoro. Unajua mila yetu, mkamwana hakutani na baba mkwe, hata njiani huingia majanini kumpisha. Baba akasema leo mila ikae pembeni, yeye atatazama barabara tu. Tumaini alishanishika mkono ainuke. Mwingine wa kuendesha hakuwepo. Nami, na majigambo yangu yote, gari sijui. Nikaogopa watu watatucheka. Nikasema bajaji inakuja. Nikamrudisha.

Alinisikia nikimsingizia kaburini, akaibeba lawama. Sasa kila asubuhi anaweka samaki mlangoni petu, anakohoa, anaondoka kabla mkwewe hajatoka.

Mpigie, kaka. Jumapili nitasimama kanisani niwaambie watu wote. Viatu nitaviacha nyumbani.

Ndaga fijo kwa kunisoma hadi hapa. Tumaini anakusalimu, ndiye aliyenipa kalamu.

Mdogo wako,
Angetile