Tarehe Iliyorudishwa Nyuma

Alhamisi, Januari inaisha. Jua kali, vumbi jingi, na upande wa bondeni bado kuna moshi mwembamba ambao hakuna anayekwenda kuuliza unatoka wapi. Amri ya kutotoka nje, iliyowekwa kwa ajili ya fujo za uchaguzi, inaanza jioni, kwa hivyo naandika mchana huu, mkono wa kulia ukiwa umevimba.

Leo nimempiga ndugu yangu.

Naanza na hilo ili anayesoma asinidhanie mtu mwema halafu ashtuke mbele. Nilimpiga kwa kibodi ya kompyuta, nikaendelea hata ilipovunjika, na nikisema kweli tupu, nilisikia raha. Hii ninayoandikia ni kibodi ya zamani iliyokuwa chini ya kitanda. Kitufe chake cha nafasi kinakwama, kila mara nakibonyeza mara mbili.

Mambo yalianza na masasisho. Kompyuta ikiwa na mtandao hujitafutia yenyewe marekebisho yake na kujiwekea, bila kumuuliza mtu. Kuna ngao ndogo ya manjano hutokea kwenye pembe ya skrini kukujulisha kwamba kazi inaendelea. Ngao yangu imetokea kila siku kwa karibu wiki mbili. Inapakua, inafika mwisho, inasema imeshindwa, inaanza tena. Mtandao wangu ni wa simu iliyounganishwa kwa waya, na mwezi huu kadi za simu zimekuwa adimu kuliko unga. Kila jaribio linakula kadi nzima, na wakati linakula, mashine inanguruma na kishale kinaganda palepale.

Nimeitukana hiyo mashine matusi ambayo mama yangu hajui kama ninayajua.

Kwa kawaida ningeizima nikalale. Lakini leo nilikuwa na kazi ya kwanza tangu Krismasi, kijitabu cha programu ya mazishi ya mzee mmoja wa kule Bahati. Mzee alikufa kwa ugonjwa wa sukari. Mwanawe alinitajia sukari mara mbili kwenye simu, kama mtu anayejivunia, kwa sababu mwezi huu kufa kitandani mwako ni bahati. Mimi na ndugu yangu Samweli ndio tunaotengeneza vitu hivyo hapa mtaa wa Section 58, nyumbani: programu za mazishi, kadi za michango, kadi za harusi. Mke wangu na Kevin, mtoto wetu, wako kwa wakwe tangu mwaka mpya, kwa hivyo tumebaki wawili. Samweli ana miaka thelathini na moja. Nimemlea tangu baba afe.

Basi asubuhi nikakaa chini niimalize hiyo ngao. Nikasimamisha huduma ya masasisho, nikafuta vyote vilivyopakuliwa nusunusu, nikaiwasha tena. Ikashindwa. Nikazima mashine, nikachomoa hadi waya wa umeme, nikahesabu mpaka mia, nikawasha. Ikashindwa. Nikaupiga ubavu wake ngumi moja, na ndipo nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya kwa wiki mbili zote. Nikasoma onyo lenyewe.

Onyo hilo nimeliona kila siku. Hata nikifungua barua pepe linatokea, nami nabonyeza ndiyo bila kusoma, kwa sababu nani husoma maonyo? Lilisema cheti cha usalama cha tovuti hakijaanza kutumika. Sio kwamba kimeisha muda. Hakijaanza. Nikapeleka kishale kwenye saa pale pembeni. Saa ilikuwa sahihi kabisa, dakika kwa dakika. Nikangoja ile tarehe ijitokeze chini yake.

Juni. Juni ya mwaka jana.

Hapo nilicheka, kwa sababu Juni hiyo naijua. Programu yetu ya kutengenezea kadi ni ya kujaribu tu, ya siku thelathini. Tuliiweka Juni. Siku zilipoisha, mimi mwenyewe niligundua kwamba ukiirudisha tarehe ya kompyuta nyuma hadi Juni, programu inaamini bado ni mgeni na inafunguka bila neno. Nusu ya watu wanaotengeneza kadi mjini hapa wanaishi hivyo. Nilimfundisha Samweli, nikampa na sheria moja ya nyumba: ukirudisha tarehe nyuma, ukimaliza kazi uirudishe mbele. Mimi niliitumia mara ya mwisho kabla ya Krismasi na ninakumbuka nikiirudisha.

Kwa hivyo ni Samweli aliyesahau. Ila sisi hatujapata kazi yoyote ya kadi tangu Krismasi.

Sikuwa na wasiwasi. Nilidhani amefanya kibarua chake pembeni asiniambie, na nilitaka kumtania. Nikaifungua programu, nikaangalia orodha ya kazi za karibuni. Ya juu kabisa iliitwa "notisi". Nikaibonyeza.

Ilikuwa na mistari minne, kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimeshaisoma, ikiwa mkononi mwa Mama Brenda.

Mama Brenda ni jirani yetu wa ukuta mmoja kwenye ploti hii, ua wa nyumba zenye geti moja. Ni mjane, anafundisha shule ya nasari, ana wasichana wawili. Kwa miaka sita tumechota maji kwenye mfereji mmoja, na mke wangu alipojifungua ni yeye aliyempikia uji. Kabila lake sitaliandika na letu sitaliandika. Makabila yameandikwa vya kutosha mwezi huu.

Karibu wiki mbili zilizopita alikuja kwetu na karatasi aliyoikuta chini ya mlango wake. Ilisema watu wenye majina kama lake watoke kwenye ploti hii na wasirudi, na atakayebaki asimlaumu mtu. Samweli aliichukua akaisoma polepole, mstari kwa mstari, kama mtu anayeiona mara ya kwanza. Kisha akamwambia aondoke tu kwa siku chache, mambo yapoe. Alimbebea godoro begani mwenyewe hadi uwanja wa maonyesho, ambako watu waliokimbia makwao wamelala kwenye mahema. Nilijivunia ndugu yangu siku hiyo. Nilimwambia hivyo.

Jumanne wiki hii, kwa vile mtaa ulikuwa umetulia kwa siku mbili, nilimpigia Mama Brenda nikamwambia arudi Jumamosi. Nilimwambia ni salama. Alilia, akasema Mungu anibariki.

Nilikaa nikiitazama hiyo skrini sijui kwa muda gani. Halafu, bila kufikiri, nikafanya kile ambacho mikono yangu imezoea. Nikairudisha tarehe mbele. Januari, mwaka huu, leo. Ngao ya manjano ikaamka, ikaanza kupakua, na safari hii haikukwama.

Samweli aliingia saa sita na maziwa kwenye chupa. Nilimwita aje aone. Aliposoma skrini hakuruka wala hakukana. Aliiweka chupa mezani taratibu, akakaa ukingoni mwa kiti.

"Vijana walikuja hapa na panga, bro. Wewe ulikuwa umeenda kutafuta unga. Walijua tuko na kompyuta na printa. Wakaniambia niandike ama wajue tuko upande gani."

Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akaniuliza, kama angeniambia, ningefanya nini. Akasema yeye ndiye aliyeiweka chini ya mlango kwa mkono wake, mapema, kabla ya siku waliyotaka wenyewe, ndio Mama Brenda apate nafasi ya kutoka na watoto kukiwa na jua. Alisema hayo kama mtu aliyeyapanga kichwani kwa siku nyingi.

"Si alitoka akiwa hai?"

Nilimuuliza kama hao watu wanajua anarudi Jumamosi. Akasema wanajua. Walimuuliza jana barabarani, naye hakuweza kudanganya, kwa sababu mimi nilikuwa nimemtangazia kila mtu pale kwenye duka. Wamemwambia aandae karatasi nyingine. Halafu wakasema, pengine hata karatasi haitahitajika.

Nikaanza kumfokea. Nilimwita muuaji. Nilisema baba angemtemea mate. Aliangalia sakafu, halafu akainua macho.

"Na wewe, bro? Si ulifunga geti?"

Hilo la geti sijawahi kuliandika hapa. Jumapili iliyopita, mchana, vijana walikuwa wameweka mawe barabarani mbele ya ploti yetu. Mwanamume mmoja alikuja na baiskeli, amefunga kuku wawili nyuma. Walimwambia atoe kitambulisho. Nilikuwa nimesimama kwenye geti letu, hatua labda ishirini. Alipotoa, mmoja akasoma jina kwa sauti na wengine wakacheka. Yule mwanamume alinitazama. Sio wao, mimi. Nadhani aliona geti liko wazi. Panga la kwanza lilimpata begani, na akaanza kuja upande wangu akiburuta mguu ambao haukuwa umeguswa bado. Nikafunga geti. Nikaweka na komeo. Nilisikia akilipiga kwa kiganja mara mbili, kisha nikasikia zile sauti nyingine, za panga kwenye kitu kilicho laini na kitu kilicho kigumu, na zilichukua muda. Jioni nilimwaga ndoo tatu za maji pale nje. Samweli alikuwa dirishani wakati wote.

Ndipo nikaichukua kibodi.

Ya kwanza ilimpata sikioni. Alianguka na kiti, nami nikamfuata chini. Nilimpiga mdomoni, nikampiga kwenye mikono aliyojikinga nayo, na vile vitufe vya herufi vikawa vinaruka sakafuni kila nikishusha. Ilipokatika katikati nilimshika koo. Samweli ana nguvu kunishinda, angeweza kunitupa ukutani. Hakufanya hivyo. Alilala tu akiniangalia, damu inamtoka puani inaingia mdomoni, na kwa kitambo nilitaka kabisa afe. Nimeandika hayo nikiwa na akili zangu. Mkono wangu haukuwa tofauti na mikono ya wale wa barabarani, hata ile pumzi niliyokuwa nikivuta ilikuwa ya furaha.

Sikumpiga kwa ajili ya karatasi. Nilimpiga kwa ajili ya geti.

Niliacha kwa sababu nilichoka. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea huruma, lakini ni kuchoka. Alikaa akatema jino, akaliangalia, akalitia mfukoni. Akaenda kujiosha nje kwenye mfereji. Aliporudi alichukua koti lake na kuniambia nisimtafute. Sijui ameenda wapi. Hakuna mahali pa kwenda.

Kwenye skrini masasisho yalikuwa yamekwisha. Yote yaliwekwa sawasawa, yakaniomba niwashe kompyuta upya.

Nikaichukua simu, nikampigia Mama Brenda. Vidole vilikuwa vinateleza kwa damu, na sijui ilikuwa yangu au ya Samweli. Aliposhika nilisikia watoto wengi nyuma yake, na mtu anaita watu kwenye foleni ya uji. Alikuwa na furaha. Aliniambia Brenda amekwisha kukunja nguo, amezifunga kwenye leso, anauliza kama Jumamosi ni kesho. Nikamwambia asirudi. Nilisema harakaharaka, kabla ujasiri haujanitoka, kwamba mambo yamebadilika, kwamba asirudi Jumamosi wala siku nyingine mpaka nimwambie, kwamba hapa si salama kwake.

Akaniuliza nimejuaje.

Hapo ndipo ningemwambia. Sentensi nilikuwa nayo mdomoni, fupi: iliandikwa hapa kwetu, kwenye kompyuta yangu. Nikaona uso wa Samweli akibeba lile godoro. Nikamwambia nimesikia tu, watu wanaongea.

"Baba Kevin," akasema, na sauti yake ilikuwa ya chini sana, ya adabu, ile anayozungumza nayo na wazazi shuleni. "Jumanne uliniambia nirudi. Leo unaniambia nisirudi, na hutaki kuniambia ni nani amesema. Hata ile karatasi haikuwa na jina."

Nilianza kumwambia sivyo. Akaniuliza swali moja.

"Na nyumba yangu, nani anaitaka? Ni wewe?"

Akakata. Nimempigia tena mara nne, simu imezimwa.

Nimekaa hapa tangu hapo. Vitufe vya kibodi bado vimetapakaa chini na sijainama kuviokota. Kesho asubuhi, amri ikiisha, nitatembea hadi uwanja wa maonyesho nimtafute hema kwa hema, nimwambie ni nani aliyeandika na ni nani aliyefunga geti. Hilo nimeamua. Lakini nikishasimama mbele yake na mkono huu, na kumwambia maneno yale yale ya ile karatasi, kwamba asirudi, ataniona mimi ni nani?