Mimi Mdogo

Jumanne, 3 Agosti 1999

Baridi ya hapa Njoro, nilikopanga chumba, si ile ya kwetu Masama, lakini magoti yangu hayajui tofauti. Asubuhi baba mdogo Eliakim ameshuka kuniletea jibu la ukoo. Kona ya kihamba, shamba letu la ukoo, juu ya mfereji, ni yangu nikitaka kujenga. Ila hakuna atakayeweka jiwe mpaka kaka Elisaria ayafungue maneno yake.

Maneno ya mwaka 1959. Nilikataa mchumba aliyenichagulia. Akavunja chungu kizingitini, akasema Elinipendo asilale tena ndani ya kihamba hiki. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Nikaenda Tabora, nikafanya kazi ya maktaba hadi kustaafu. Nimesoma vitabu vingi vinavyosema maneno ya namna ile hayana nguvu. Sijalala Masama hata siku moja tangu hapo.

Anatakiwa afungue kwa njia ya bibi yetu, aliyemfundisha uganga. Atafune jani la isale, mmea wetu wa kuombea radhi, ataje kosa lake, kisha aseme "mimi mdogo". Hata awe kifungua mimba, hata awe na mvi. Bibi alisema bila maneno hayo mawili dawa ni mate tu.

Elisaria amekubali. Haraka mno — sijui nifurahi.

Jumamosi, 7 Agosti

Nimepanda Masama kwa kaka, nikidhani tutakuwa wanne. Nimekuta viti vya kukodi, spika mbili, na mtu wa kamera ya video kutoka mjini. Njiani kuna ubao mpya: DK. ELISARIA, SIMBA WA KIBO. Kaka akatoka na kofia ya manyoya. Nilipomwamkia, aliniomba nirudie, kamera haikuwa tayari.

Akahutubia nusu saa. Wagonjwa aliowaponya, wakubwa waliomfuata kwa magari. Bibi hakutajwa. Kisha akatafuna jani, akanitemea kifuani, akatangaza:

"Mimi, Elisaria, nimekusamehe."

Makofi.

Baba mdogo akauliza taratibu, "Umemfungua?"

"Nimemfungua."

"Hapana. Kosa lako sijalisikia. Mdogo sijamsikia."

Kaka akasema moyo wangu ni mgumu, ndiyo maana dawa haikushika. Wagonjwa wake huambiwa hivyohivyo. Aliyepona, kaponywa na Elisaria. Asiyepona, hakuamini.

Aikande, mkewe, alinisindikiza hadi barabarani. "Pole wifi. Leo kaka yako hakumfungua mtu. Amejifungua. Na mtoto ni yeye mwenyewe, kilo nne, wanafanana sana."

Nilicheka mpaka nikashika mgomba. Halafu nikalia kidogo. Basi.

Jumatano, 11 Agosti

Siku nne nawaza uganga wake. Mikono anayo. Mizizi anaijua kuliko yeyote niliyemwona. Lakini bibi alimsikiliza mgonjwa nusu siku kabla ya kugusa jani. Elisaria humtazama mgonjwa kama mtu anavyotazama kioo cha dirisha la duka — kuona kofia yake imekaaje. Jani lilelile, mzizi uleule. Kinachokosekana ni yule anayeumwa.

Nimemwandikia barua, kurasa tatu, kumwonyesha alipokosea. Kabla ya kuituma nikaisoma.

Neno "mimi" mara kumi na nne. Kiswahili hakilihitaji, "nilikataa" inatosha. Nimeandika "mimi nilikataa", "mimi ndiye ninayekumbuka". Mwishoni nimemwandikia hadi maneno ya kuniomba radhi, na mahali pa kutulia avute pumzi. Mbele ya ukoo wote, nimesisitiza kwa mstari.

Kumbe na mimi nilitaka viti vya kukodi.

Barua nimewashia mkaa. Imeshika vizuri.

Jumatatu, 16 Agosti

Nimepanda Masama bila kumwambia mtu. Nikakaa kwenye benchi la wagonjwa, nyuma ya mama mmoja aliyeshika shavu. Kaka alikuwa anamsimulia habari za mkuu fulani aliyemponya mgongo. Mama wa watu anaitikia kwa jicho moja.

Akaniona.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. Umekuja kuungama?"

"Nimekuja kukwambia kwamba uliniandikia barua Tabora mara mbili, na sikukujibu. Nilizisoma, nikazifungia sandukuni. Lilikuwa kosa. Mimi mdogo."

Akatazama benchi zima, kama anayetafuta kamera.

"Umekosea," akasema. "Hayo husema anayefungua. Wewe ndiye uliyefungwa."

"Kumbe unayakumbuka."

Akavua kofia, akaipangusa kwa kiganja, akaiweka mezani. Hakuirudisha kichwani. Kisha akauliza, sauti ya chini, kama swali la mtihani:

"Bibi alikuwa anatafuna kwanza, au anasema kwanza?"

Tangu nizaliwe sijawahi kumsikia Elisaria akiuliza kitu asichokijua. Jibu nilikuwa nalo. Lilishafika kwenye meno. Nikalimeza kwa shida.

"Wewe ndiye uliyembebea majani. Utakumbuka."

Akamgeukia yule mama, akamwuliza jino lilianza lini. Na akangoja aambiwe.

Jumamosi, 21 Agosti

Saa mbili asubuhi. Ukungu, mlima hauonekani. Nilikuwa nachambua maharage dirishani, nikaona mzee mmoja amesimama getini. Sweta kuukuu, kichwa wazi, upara unang'aa kwa manyunyu. Nimechukua muda kumtambua. Hana kofia. Hajaja na mtu. Mkononi, jani moja la isale.

Ameteremka kutoka Masama mwenyewe, na hagongi.

Mama mwenye nyumba amempita na ndoo, akamwambia karibu ndani mzee. Ameitikia kwa kichwa, akabaki palepale. Midomo inacheza. Anafanya mazoezi. Kila akifika mahali fulani anakwama, anakohoa, anaanza upya mwanzo. Mara ya nne hii.

Nataka kutoka nimsaidie. Nimeshika kalamu ili nisishike kitasa.

Amegonga. Nimeitikia kutoka hapa hapa, karibu kaka, geti liko wazi.

Haingii. Anasema akiwa kulekule nje, sauti ndogo ambayo haingevuka hata benchi lake. Kwamba chungu alikivunja yeye. Kwamba mchumba hakuwa na neno lolote. Ni yeye, kaka, aliyeona aibu chaguo lake kukataliwa na msichana mbele ya watu. Nimesikia kutafuna. Kumbe kosa kwanza, ndipo jani; ningemjibu kinyume. Amekumbuka.

Chai inachemka, siiondoi.

"Mimi," anasema.

Anakohoa.

"Mimi m—"

Mkubwa na mdogo huanza na herufi moja. Nangoja. Sisemi kitu; neno hilo ni lake.