Dakika Saba kwa Sura ya Mama

Jumatatu, 29 Julai 1991
Baba na Mama wanabariki ndoa tarehe kumi, Kibosho. Miaka thelathini na nane wako pamoja, sasa padri kawapata. Nimesema picha napiga mimi. Mama kajibu: mpige baba yako, mimi niache.

Mama ni mweusi sana. Picha zote alizowahi kupigwa katoka kivuli chenye meno. Karani mmoja aliwahi kuitazama moja, akamwuliza kama ni yeye kweli. Tangu hapo akiona kamera anakwenda kutafuta kuni.

Kaka Antoni anataka mtu wa picha za rangi, si hizi zangu nyeusi na nyeupe. Mikanda inapelekwa Arusha, mashine inasafisha kwa saa moja. Mashine haimjui Mama.

Alhamisi, 1 Agosti
Nimemweleza Mzee Aminieli, mwenye studio ninayofanyia kazi. Hakucheka. Kavaa shati jeupe kama gauni la Mama, kakaa juani saa saba mchana, nikammalizia mkanda mzima. Picha zote nimezipa mwanga maradufu, uso upate kutoka. Kisha nikaukata mkanda vipande vitatu gizani.

Kipande cha kwanza dakika kumi kwenye dawa ya kusafishia, kama kawaida yetu: uso upo, shati chokaa tupu. Nane — afadhali. Saba, na tangi la dawa nalitikisa polepole: vifungo vinahesabika, na makunyanzi ya Mzee yapo yote. Hayo, kasema, ungeniachia mwenyewe.

Halafu: "Mwanga mpe mama yako. Dakika lipunguzie gauni."

Jumamosi, 10 Agosti
Nilitegemea wingu. Tunatoka kanisani — jua kali, mlima uko wazi, gauni linaumiza macho. Baba ndani ya suti nyeusi. Nikapima mwanga shavuni kwa Mama, si kwenye gauni. Mama akataka kugeuka. Baba akamshika mkono, akamnong'oneza kitu kwa Kichagga. Mama akacheka mdomo wazi.

Nikapiga. Mkanda mmoja, picha kumi na mbili. Halafu mbege, pombe yetu ya ndizi.

Jumapili, 11 Agosti
Baridi. Dawa imeshuka hadi nyuzi kumi na saba. Kwa ubaridi huo dakika saba zisingetosha. Nimeiweka chupa kwenye beseni la maji ya moto mpaka ishirini. Dakika ya saba nikatamani kuongeza moja. Nikamwaga.

Mkanda umetoka mwepesi, kijivu. Nikaogopa. Nikauinua kwenye taa: lesi ya kola ipo. Na macho ya Mama.

Jumatatu, 12 Agosti
Mama kashuka na ndizi za sokoni, kapita studio. Nikamkalisha chumba cha giza, karatasi ya picha kwenye sinia la dawa mbele yake, taa nyekundu. Ikaja suti ya Baba. Ukaja uso wake mwenyewe, shavu, kidevu, mwisho mikunjo ya gauni.

Mama akainamia sinia. Kisha, kwa sauti ndogo: "Huyu ni Justina."

Dada yake mkubwa. Alifariki kwa uzazi kabla sijazaliwa. Hakuna picha yake hata moja.

Nikasema, Mama, ni wewe.

"Najua ni mimi. Lakini acha kwanza."

Nikaipitisha picha kwenye dawa ya mwisho, nikaiosha, nikampa ikiwa bado mbichi. Kaniomba nimwachie chumba.

Nimekaa nje ya pazia, naandika. Anaongea humo ndani, Kichagga, taratibu, kama mtu anayesimulia habari za siku nyingi. Sisi watoto wake wote anatutaja kwa majina. Sasa kafika kwangu.

Wateja wawili wa picha za pasipoti wanasubiri. Nimewaambia bado kidogo.