Pleti Niliyoipima Saa Saba Mchana

Jumamosi, Februari 2013. Lodwar. Jua lilianza kuuma saa mbili asubuhi, na mimi nilikuwa nimeshanuna kabla halijatoka.

Niseme wazi: nina wivu. Namwonea wivu mtu anayefanya kazi saa tatu kwa siku.

Mimi ni fundi wa magari hapa mtaa wa Kanamkemer. Chuo sijakanyaga. Nilijifunza nikiwa chini ya malori yaliyokwama, venia, ile rula ya chuma yenye taya ya kupimia, nikajinunulia mwenyewe, na kwa miaka tisa mtu akitaka kutoa injini ya petroli kwenye Land Rover kuukuu aweke ya dizeli, ananiita mimi. Injini mpya na giaboksi ya zamani huwa hazishikani, matundu ya boliti hayalingani. Kwa hiyo nakata pleti ya chuma, unene milimita ishirini, ikae katikati iziunganishe. Kitovu cha injini na kitovu cha giaboksi visipishane zaidi ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Vikipishana, klachi inaliwa.

Ya Mama Akiru, muuza samaki wa Kalokol, ililiwa mara mbili. Mara ya tatu hakurudi kwangu. Alipeleka gari Kakuma kwa Papa Bahati, Mkongo mwenye kibanda kwenye kambi ya wakimbizi. Juzi akanipitia kwa makusudi, injini ikinguruma, akanisalimu kwa Kiturkana.

"Ejok, fundi! Usinune bwana. Lilikuwa linalia kama mbuzi wa kuchinjwa. Sikiza sasa."

Nikasikiza. Giaboksi ilikuwa kimya kabisa. Afadhali angenitukana.

Ndiyo maana leo nimeenda Kakuma. Mke wangu nilimwambia naenda kutafuta boliti. Boliti zipo Lodwar, na anajua.

Nilifika saa tano. Papa Bahati alikuwa anacheza drafti.

Saa tano!

Vifaa vimefungwa, giaboksi ya mteja, mwili wake wa alumini, imewekwa ndani ya kibanda, imefunikwa gunia lililoloweshwa maji. Nikafurahi, Mungu anisamehe. Nikamuuliza kama kazi zimeisha Kakuma.

"Kazi iko, ndugu," akasema, macho kwenye drafti. "Lakini jua imetoka. Ile alumini iko na homa sasa. Ukiipima, utapima homa. Sisi tunapima asubui, mbele ya jua."

Wenzake wakacheka. Mimi nikajibu haraka, "Hata mimi hufanya hivyo."

Uongo mtupu.

Mimi hupimia uani, saa saba, kwa sababu mwanga ni mzuri na wapita njia wananiona na venia yangu. Nilipofika nyumbani saa tisa niliipima giaboksi ya mteja wangu iliyokuwa juani: kutoka pini moja ya kuilengesha na pleti hadi ya pili, milimita 380.3. Nikaiingiza ndani, nikaifunika gunia bichi. Saa kumi na mbili jioni nikaipima tena. Robo ya milimita imepotea: joto ndilo lililokuwa limeitanua. Kutoka pini moja hadi kwenye kitovu ni nusu yake, na nusu hiyo peke yake inazidi ile moja ya kumi.

Miaka tisa. Kila mara pini zilipokataa kuingia nilipanua matundu kwa tupa, nikawaambia watu chuma kina kiburi.

Sasa lililobaki. Giaboksi hii ni ya Mzee Lokaale wa Kainuk, na pleti yake nimeshaikata, kwa vipimo vya saa saba. Nilimwahidi Jumatatu. Ningeifunga tu, ingekwenda miezi miwili bila neno. Halafu ingemwacha barabarani, na barabara ya Kainuk, kwa majambazi wake, si mahali pa gari kuzimika.

Nimempigia. Nimemwambia nilipima vibaya, nakata nyingine.

Akaniuliza kwa upole kabisa, "Fundi, kama ni kupima upya, si niipeleke tu kwa yule Mkongo?"

Nilitaka kumwambia yule ni mvivu, yule hana hata venia, yule kesho atahamishwa. Yote yalinijia mdomoni. Nikamwambia, "Yule ni fundi mzuri, Mzee. Lakini nipe nafasi hadi Alhamisi."

Amesema atafikiria, atanipigia Jumatatu.

Kwa hiyo sijui. Huenda nimejinyang'anya kazi kwa mdomo wangu mwenyewe. Na wivu haujaniisha, nisijidanganye: sasa namwonea wivu Papa Bahati hata kwa lile gunia. Lingine linaloniuma ni kwamba alikisema mbele ya watu, kirahisi tu, kitu ambacho mimi ningekificha hadi kaburini.

Giaboksi imelala ndani, karibu na kitanda. Mke wangu ameitazama, akanitazama, akaenda kupika.

Naamka saa kumi na moja alfajiri, napima kabla jua halijaigusa. Mzee apige, asipige.