Mpelelezi wa Kwenye Karatasi ya Maandazi

Mume mwenzangu Elisha,

Huku Moshi hatujambo. Bibi yako analalamikia goti tu, na dada yako kajifungua mtoto wa kike.

Juzi ulinipigia simu umejifungia chumbani huko Guangzhou, polisi wakikagua pasipoti mlango kwa mlango, ukaniuliza yule mpelelezi niliyekuwa nikikusimulia alitokaje ghalani.

Ujanani mwangu maandazi yalifungwa kwa magazeti makuukuu ya Uingereza, yenye katuni za mpelelezi mwenye mwavuli. Nilinunua hata nikiwa nimeshiba. Binti wa muuzaji akaijua shida yangu, akawa ananiwekea kurasa kwa mfuatano. Siku mpelelezi alipofungiwa ghalani, maadui wako mlangoni, nikaomba kipande cha mwisho.

"Kipo," akasema. "Njoo kesho."

Kesho yake akasema vilevile. Nikaja, nikaja, mpaka nikamuoa.

Ndiye bibi yako huyo, na hajanionyesha mpaka leo. Nilipomweleza habari zako alienda kufungua sanduku lake, akarudi mikono mitupu.

"Kipo. Elisha akirudi tutakisoma sote watatu."

Basi rudi salama, mjukuu wangu, ili na mimi nijue alitokaje.

Babu yako