Asha Aliyekosa Somo

Mjukuu wangu Salma,

Marahaba. Hapa Malindi hatujambo, na mama yako mafua yamemwacha. Unauliza kwa nini wanafunzi wako wa chuo kikuu husema wamefahamu, kisha mtihani ukawashinda.

Na sisi chuo cha ualimu tulikuwa tukiulizwa, "Mmefahamu?" tunajibu, "Naam," kwa adabu tu. Siku moja mwalimu akasema, "Asha anaumwa. Zuhura, jioni nenda kamweleze somo hili." Hapo nikaona sijui kitu! Nikanyoosha mkono kuuliza, wenzangu wakafuata, hatukunyamaza mpaka kengele.

Jioni nikamkuta Asha barazani, mzima kabisa, daftari mkononi, ananisubiri. Mpaka leo sijamuuliza. Waonaje, mwalimu mwenzangu, nani alimwambia asije?

Bibi yako,
Zuhura