Gauni la Mwisho la Masika

Mama Masika,

Nakusalimu kutoka Goma, ambako mvua haijakatika tangu asubuhi.

Jana marehemu binti yetu alipewa tuzo ya mavazi bora ya filamu, nami nikaipokea kwa niaba yake. Niliomba pia gauni la bibi harusi, kazi yake ya mwisho, lakini wenye filamu walikataa. Mlangoni, mwigizaji aliyelivaa alinifuata na mfuko: "Muzee, pelekea mama. Miye nilivaa tu."

Gauni ninalo. Pindo bado limeshikwa kwa pini, kama Masika alivyoliacha alipolazwa hospitalini. Sikuzigusa. Wewe ndiwe uliyemfundisha kushona. Utaamua kama utalimalizia au tuliache hivyo.

Mungu akutie nguvu mpaka nifike.

Mumeo